"8 Mile" si wasifu wa Eminem

Filamu ya "8 Mile" ikitajwa tu, hakosekani mtu wa kusema kwamba yale ndiyo maisha halisi ya Eminem, rapa wa Marekani. Sivyo. Filamu hiyo ya mwaka 2002, iliyoongozwa na Curtis Hanson, ni hadithi ya kubuni iliyoandikwa na Scott Silver. Mhusika wake mkuu ni Jimmy Smith Jr., au Rabbit, kijana wa Detroit mwaka 1995.

Mkanganyiko unaeleweka: Eminem ndiye aliyemwigiza Rabbit, alikulia kwenye umaskini huko huko, na alishiriki kweli mashindano ya kuchana mistari ana kwa ana. Lakini Rabbit ni kibarua wa kiwanda cha vipuri vya magari na ana mdogo wa kike, Lily. Eminem alikuwa mpishi mgahawani, mdogo wake ni wa kiume, na Desemba 1995 alizaliwa binti yake, Hailie. Rabbit hana mtoto.

Kinachopotoshwa zaidi ni mwisho wa filamu. Watu husimulia kana kwamba Rabbit anakuwa staa. Ukweli ni kwamba, katika shindano la mwisho la kuchana mistari, anapanda jukwaani na kujianika mwenyewe kabla mpinzani hajamsema: anaishi kwenye trela na mama yake, amepigwa na genge la mpinzani wake. Mpinzani huyo, Papa Doc, anabaki hana la kusema, anarudisha maiki. Huo ndio uandishi bora kabisa wa filamu nzima. Kisha Rabbit anawaaga marafiki zake na kurudi kiwandani kumalizia zamu. Hakuna mkataba, hakuna albamu.