Zile ni risasi za heshima, sio mizinga 21

Juzi tumezika askari mtaani kwetu, kijana wa watu, na udongo haujakauka status zishajaa "kapigiwa mizinga 21". Hapana jamani. Mzinga ni silaha kubwa ya kuvutwa na gari, ukipigwa karibu vioo vya nyumba vinatetemeka. Mlichosikia ni bunduki, askari wachache wamesimama pembeni ya kaburi wanafyatua hewani kwa pamoja, kawaida mara tatu, baruti tupu haina kichwa. Hizo ndo risasi za heshima.

Na neno lenyewe mbona linajieleza. Mzinga tunaoujua toka zamani ni wa nyuki, gogo limechongwa likatobolewa ndani likatundikwa mtini, sasa lile bomba nene la chuma nalo limelala vilevile na uwazi katikati, likapewa jina hilohilo kwa kufanana. Bunduki haifanani na gogo la nyuki hata kidogo, ikabaki na jina lake. Halafu 21 ni hesabu ya mkuu wa nchi, Magufuli alipigiwa 21 pale Chato Machi 2021, ila kwa wenzetu Kenya, Moi 2020 na Kibaki 2022 walipigiwa 19 maana walishastaafu urais. Yaani kwao hata rais mstaafu 21 hazikumfikia, ndo mjue ile namba haiandikwi tu.

Hapa kwetu Tanzania tarehe 25 Julai, Siku ya Mashujaa, mzinga unasikika kweli lakini kazi yake ni nyingine, mmoja unafungua dakika ya ukimya na mwingine unaifunga, halafu Rais anaweka mkuki na ngao, Mkuu wa Majeshi anaweka sime. Hapo wanakumbukwa wote, mpaka waliolala Kaboya kule Muleba toka vita vya Kagera.

Najua mnaoandika 21 mnataka kumkuza marehemu na nia hiyo naielewa kabisa, nami nilimpenda. Ila zile tatu ni zake, wamempigia askari wenzake, na mama yake kazisikia zote kapakata bendera iliyokunjwa. Kwa hiyo naomba mrudi kwenye status mrekebishe, andikeni tu kapigiwa risasi za heshima.