"Sukari Imeshuka, Nimeacha Dawa": Maswali ya Benchi la Kliniki ya Kisukari, Tanga

Mimi ni muuguzi katika kliniki ya kisukari hapa Tanga. Wagonjwa wangu wanatoka Ngamiani, Makorora, Chumbageni, na wengine wanapanda daladala alfajiri kutoka Pongwe na Muheza. Wanafika na maswali yale yale, na kusema kweli wanafika na makosa yale yale. Nimeyakusanya hapa. Moja nitalirudia mpaka likuchoshe, kwa sababu mimi limeshanichosha zamani.

Kisukari ni nini, kwa kifupi?

Ugali, wali, muhogo na mkate ukivila hugeuka sukari na kuingia kwenye damu. Insulini, inayotengenezwa na kongosho, ndiyo inayoiingiza sukari hiyo mwilini ikatumike. Insulini isipokuwepo, au ikiwa haitoshi, au mwili ukiwa hauisikii, sukari hubaki kwenye damu. Aina ya kwanza ya kisukari huhitaji sindano za insulini tangu mwanzo. Aina ya pili, ndiyo ya wagonjwa wangu wengi, huanza na vidonge.

Sukari nzuri ni ngapi?

Kwa watu wazima wengi, asubuhi kabla ya kula iwe kati ya 4 na 7, kwa kipimo cha mmol/L tunachotumia hapa. Saa mbili baada ya kula isifike 10. Chini ya 4 imeshuka mno, tutalizungumza. Wajawazito na wazee sana hupangiwa viwango vyao na daktari.

Angalia na mashine yako. Bibi mmoja alikuja analia kwamba sukari yake ni 140 na wajukuu wameshaanza kumuaga. Mashine aliletewa na mwanawe kutoka Marekani, na huko wanatumia kipimo kingine, mg/dL. Namba kama hizo zigawe kwa 18. Ya bibi ilikuwa haifiki 8, na alikuwa ametoka kula. Akafuta machozi, akaniuliza kama anaruhusiwa kitumbua.

Nimepima mara tatu mfululizo, imekuja 5 na 6. Si nimepona? Niache dawa?

Hapana. Usiache dawa.

Hili ndilo swali lililonifanya niandike. Kila wiki anakuja mtu mwenye sukari ya 20 na kitu, midomo imekauka, suruali inamvuka kwa kukonda. Nikimuuliza dawa aliacha lini, ananijibu kwa fahari: "Sista, sukari ilishuka, nikaacha." Ilishuka kwa sababu gani, baba? Dawa ndiyo iliyoishusha.

Watu wa pwani mnanielewa nikisema hivi: ngalawa inavuja, nawe umeshika kata unafua maji. Umefua mpaka ndani pamekauka. Sasa utaitupa kata baharini kwa kuwa ngalawa imekauka? Tundu bado lipo. Namba 5 kwenye mashine haisemi kwamba kongosho lako limepona. Inasema dawa, chakula na mwendo wako vinafanya kazi. Endelea navyo.

Lakini sijisikii vibaya hata kidogo. Dawa ya nini kwa mtu mzima wa afya?

Usiache dawa. Kujisikia si kipimo. Mwili huzoea. Nina wagonjwa wanaotembea na sukari ya 14 wanaenda sokoni, wanaenda arusini, hawaumwi popote. Wakati huohuo mishipa midogo ya damu machoni inaharibika, figo zinachoka, neva za miguu zinakufa taratibu. Siku watakapojisikia vibaya itakuwa ni kwa sababu jicho limeingia ukungu au mguu umeoza, na hapo kazi yangu inakuwa ndogo sana.

Sitawaficha: wapo wenye aina ya pili waliopunguza uzito kwelikweli, wakabadilisha chakula, na daktari akawapunguzia vidonge au hata kuwasimamisha. Wao walipimwa kwanza, wakapunguziwa, kisha wakaendelea kupimwa. Hawakuamua barazani kati ya kahawa na kashata.

Basi nitaacha kidogo, nikaribie kliniki nitaanza tena. Daktari atajuaje?

Atajua. Kuna kipimo kinaitwa HbA1c. Sukari hunata kwenye chembe nyekundu za damu, na kipimo hicho huonyesha wastani wa miezi miwili mitatu iliyopita. Siku tatu za utiifu hazifuti miezi mitatu ya uzembe. Wengi tunawatakia wawe chini ya asilimia 7.

Na madaftari nayo tunayaona. Mwezi mzima 5.6, 5.8, 5.6, 5.8, kalamu moja, mwandiko mmoja, hata tone la chai hakuna. Hilo limeandikwa usiku wa kuamkia kliniki. Nipe 12 ya kweli nitakusaidia, 5.6 ya uongo nitaifanyia nini?

Vijiti vya mashine ni ghali. Nitapimaje kila siku?

Anayetumia vidonge tu si lazima apime kila siku. Chagua siku mbili au tatu kwa wiki: leo kabla ya kunywa chai, keshokutwa saa mbili baada ya mlo mkubwa. Andika na ulichokula. Anayedunga insulini anahitaji kupima mara nyingi zaidi, na huyo tunapanga naye ratiba. Osha mikono kwa maji na sabuni kwanza. Kidole kilichotoka kumenya embe kitakupa namba ya embe.

Kuna dawa ya majani, nimeambiwa inamaliza sukari kabisa. Nitumie?

Hakuna jani linalomaliza kisukari. Mlonge ni mboga nzuri, kula. Mdalasini tia kwenye chai. Ugomvi wangu ni na yule anayekuuzia chupa na kukwambia uache vidonge. Usiache dawa kwa ajili ya chupa. Na kama unakunywa, tuambie bila aibu, maana baadhi hushusha sukari juu ya ile iliyoshushwa na vidonge, nasi tunabaki kutafuta mchawi.

Daktari anataka kunianzishia insulini. Ndiyo safari ya mwisho?

Hapana. Uvumi huu nao umenizikia watu. Januari 1922, kijana wa miaka 14 huko Toronto, Leonard Thompson, alikuwa amebaki mifupa, anasubiri kufa. Akadungwa insulini. Akaishi miaka mingine 13, kwa dawa ya enzi hizo ambayo ilikuwa bado haijasafishwa vizuri. Wanaoanza insulini mapema wanaishi. Wanaokufa "kwa insulini" mara nyingi ni wale walioikataa miaka mitano, wakaletwa wamebebwa, ikaonekana sindano ya mwisho ndiyo iliyowaua.

Joto la Tanga linaiharibu. Chupa ambazo hujafungua kaa nazo kwenye friji, si kwenye sehemu ya barafu, iliyoganda tupa. Huna friji? Ifunge kwenye mfuko wa nailoni usiopitisha maji, uiweke kwenye chombo cha udongo chenye mchanga wenye majimaji, kivulini. Uliyokwisha fungua itumie si zaidi ya wiki nne, na usiiache kwenye kikapu cha baiskeli juani.

Nile nini? Mmeniambia dona, nakula dona, sukari haishuki.

Unakula dona kiasi gani? Dona ni bora kuliko sembe, ila ni ugali. Ulezi na mtama vilevile. Mlima wa dona ni mlima wa wanga. Sahani igawe: nusu mboga, iwe mchicha, matembele au bamia, robo samaki au maharage, robo iliyobaki ndiyo ya ugali, wali au muhogo. Kisamvu cha nazi ni mboga, tui lisizidi tu.

Vinavyotuangusha Tanga ni vya kunywa na vya asubuhi. Chai ya vijiko vitatu na maandazi manne, kisha juisi ya miwa njiani "ya kupoza koo". Miwa ni sukari, mama, hata ukitia ndimu na tangawizi. Chungwa la Muheza kula, moja. Ukikamua matano kwenye glasi umekunywa sukari ya matano na makapi umeyatupa. Na baada ya chakula cha jioni tembea nusu saa, au baiskeli. Mji wetu tambarare, hakuna kisingizio cha mlima.

Natetemeka, kijasho chembamba, njaa ya ghafla. Ni nini?

Sukari imeshuka. Usilale, na usisubiri wali uive. Kunywa hapo hapo vijiko vitatu vya chai vya sukari vilivyokorogwa kwenye maji, au nusu glasi ya soda ya kawaida. Baada ya dakika 15 pima. Ikiwa bado chini ya 4, rudia. Ikipanda, kula chakula. Aliyezimia asinyweshwe chochote, atapaliwa. Mlazeni ubavu na mkimbizeni hospitali.

Inawapata zaidi wanaotumia insulini au vidonge kama glibenklamidi halafu wasile. Mzee mmoja alikaa bila kula tangu jana yake "ili kipimo kitoke kizuri", akameza asubuhi vidonge vya siku mbili kwa pamoja ili kufidia alivyokuwa ameruka. Akaanguka kwenye benchi letu, mbele ya foleni nzima. Kipimo kilitoka 2.3. Kizuri mno. Alizinduka kwa dripu ya sukari, na neno lake la kwanza lilikuwa kuuliza kama namba yake haijapita.

Nina homa, natapika, sili. Niruke insulini leo?

Hapana, na hapa sicheki. Maradhi hupandisha sukari hata kama hujala. Mwenye aina ya kwanza akiacha insulini, mwili huanza kuyeyusha mafuta na damu inageuka tindikali: anatapika, tumbo linauma, anahema kwa kina, pumzi inanuka kama matunda yaliyoiva sana. Nyumbani wanasema ni malaria kali, au amepandisha shetani, na siku mbili zinapita. Hizo siku mbili ndizo zinazoua. Kipimo cha malaria apimwe, ndiyo, lakini na sukari apimwe saa hiyohiyo. Kiasi cha insulini kinaweza kubadilishwa, nasi tutakwambia. Kuacha kabisa, usiache. Anayetumia metformini akitapika na kuharisha sana aje siku hiyohiyo, maana hicho kidonge huenda daktari akakisimamisha kwa muda. Daktari, si jirani.

Ramadhani nifunge?

Wengine wanaweza, wengine hapana. Njoo mwezi mmoja au miwili kabla, si usiku wa kuandama mwezi. Tutapanga upya saa na vipimo vya dawa; dawa haiachwi kwa sababu ya funga, inahamishwa. Ukiwa umefunga, pima. Ikiwa chini ya 3.9 au juu ya 16.6, fungua. Kutoboa kidole, wanazuoni wengi wanasema hakubatilishi funga, kwa hiyo hiyo isiwe sababu.

Kidonda kidogo cha mguuni, hakiumi. Nikikande na maji ya moto?

Hakiumi kwa sababu mguu hauna hisia, na maji ya moto yatauunguza usijue. Njoo leo, au kesho asubuhi. Usije baada ya wiki tatu za kukanda, mafuta ya karafuu na unga wa kidonge cha antibayotiki. Kila jioni angalia nyayo, tumia kioo au mwite mjukuu. Wanaotawadha mara tano mna bahati ya kuigusa miguu kila siku: kausheni katikati ya vidole.

Siku ya kliniki nije sijala na sijameza dawa?

Kula, meza dawa yako kama kawaida. Tukitaka ufike bila kula tutakuandikia kwenye daftari, na hapo tutakwambia dawa uifanyeje. Njoo na mashine yenyewe, kwa kuwa inahifadhi namba hata zile ambazo daftari limezisahau. Njoo na boksi za dawa zote, na ile chupa ya majani pia. Kandambili utazivua mlangoni mwangu, miguu nataka niione.