Majimbo yalikufa, makadhi wakabaki: maelewano ya Lancaster House

Nianze na hesabu ndogo, manake ndo huwa nawaanzia nayo hata wanafunzi wangu. Katiba ya uhuru ya Kenya, ile iliyoanza kazi 12 Disemba 1963, ilikuwa na Seneti ya watu 41, mmoja kwa kila wilaya na mmoja wa Nairobi. Ikasema ukitaka kugusa vipengele vizito, yaani majimbo, haki za raia, Seneti yenyewe, sharti upate robo tatu ya Baraza la Wawakilishi halafu asilimia 90 ya Seneti. Asilimia 90 ya 41 ni 36.9, kwa hivyo unahitaji maseneta 37. Watano tu wakikataa, hakuna kinachobadilika. Kwenye karatasi unaona hili ni kufuli la chuma kabisa, na hilo kufuli halikumaliza hata miaka miwili.

Nimeisoma na kuifundisha historia ya katiba yetu miaka mingi na hapa ndo huwa sipiti haraka, kwa sababu ndani ya ile katiba kulikuwa na maelewano mengi, mengine yakafa yakiwa bado machanga na mengine yapo hadi leo, na yaliyobaki si yale ambayo ungeyatarajia.

Watu wakisikia Lancaster House wanadhani ni mkutano mmoja. Ilikuwa mitatu ya kupanga katiba ya uhuru wa Kenya, yote London: mwanzoni mwa 1960, halafu Februari hadi Aprili 1962, halafu Septemba hadi Oktoba 1963. Ule wa kwanza Kenyatta hakuwepo, alikuwa bado amezuiliwa Lodwar. Na ulikwama mlangoni kabla haujaanza, kwa sababu wajumbe Waafrika walitaka Mbiyu Koinange aingie kama mshauri wao na serikali ya Uingereza haikumtaka, ikimhusisha na Mau Mau. Wajumbe wakasusa. Mwishowe ikakubaliwa kwamba Koinange ataingia kwenye jengo, lakini kwenye ukumbi wenyewe wa mkutano haingii. Mimi huwa nasema hayo ndo maelewano ya kwanza ya katiba yetu, mtu yuko ndani na bado yuko nje, na kila upande unaweza kwenda nyumbani useme umeshinda.

Mshauri aliyekubaliwa alikuwa Thurgood Marshall, wakili mweusi wa Marekani aliyeshinda ile kesi ya 1954 dhidi ya shule za ubaguzi kwao. Ndiye aliyeandaa rasimu ya haki za raia, na ukiisoma unaona alivyohangaika kulinda mali ya walio wachache, na wachache wenyewe hapa ni walowezi wazungu na Wahindi. Mtu aliyetumia maisha yake kutetea weusi waliokuwa wachache kwao alikuja kwetu akaenda na kanuni ileile, hata kama safari hii wanaolindwa ndo wenye mashamba. Namheshimu kwa hilo, lakini pia hapo ndo suala la ardhi lilipoanza kufungwa, nitarudi hapo.

Sasa twende 1962, huo ndo mkutano mzito. Kuna KANU ya Kenyatta, Odinga na Mboya, wenye nguvu yao kubwa kwa Wakikuyu na Waluo, wanataka serikali moja yenye nguvu Nairobi. Kuna KADU ya Ronald Ngala, Masinde Muliro na Daniel arap Moi, chama cha jamii ndogondogo, Wakalenjin, Wamaasai, Wamijikenda, sehemu ya Waluhya, na hao wanaogopa kumezwa. Hofu yao haikuwa ya bure: wazungu wanaondoka Bonde la Ufa, hayo mashamba yataenda kwa nani? Ndo wakaja na majimbo. Kila jimbo na bunge lake, polisi wake, ardhi yake, na juu yake Seneti ya kuyalinda.

KANU hawakuyataka hata kidogo. Lakini Waingereza walikuwa hawatoi tarehe ya uhuru bila makubaliano, na kila mwezi wa kubishana ni mwezi mwingine wa ukoloni. Kwa hivyo wakakubali, majimbo saba na Seneti. Oginga Odinga aliandika baadaye, bila kuficha, kwamba walikubali wakijua wakishaishika serikali wanaweza kuibadilisha katiba. Yaani upande mmoja unasaini huku ushaamua kwamba haya ni ya kuvukia tu. Je, hayo ni maelewano? Nimebishana na wenzangu juu ya hili mara nyingi, na mimi nasema ndio, ni maelewano, manake KADU nao walipata walichokuwa wanakitafuta siku ile, maandishi. Kosa lao ni kwamba waliweka imani yote kwenye asilimia na kuacha fedha na watumishi wa serikali mkononi mwa Nairobi.

Mkutano wa 1963 KANU walikuwa tayari wameshinda uchaguzi wa Mei, wakarudi London kutaka kufuli lilegezwe. KADU wakatishia hata kuigawa nchi. Walichotoka nacho ni kwamba asilimia 90 inabaki kwa vipengele vizito, ila kwa vile vya kawaida, serikali ikikosa kura bungeni inaweza kwenda kwa wananchi na kupata theluthi mbili ya kura za maoni.

Halafu ikawaje? Majimbo hayakupigwa, yalinyimwa chakula. Kukabidhi majukumu kukacheleweshwa, pesa zikaja kwa kudondoshwa, na mbunge wa KADU akaanza kuona wapiga kura wake wanataka barabara na shule na mwenye kutoa hivyo ni serikali ya KANU. Wakaanza kuhama mmojammoja. Mwaka 1964 serikali ikasema basi tutaenda kura ya maoni, na Novemba, kabla haijafika huko, KADU ikajivunja yenyewe, Ngala akasimama bungeni na kuhamia upande wa serikali na watu wake. Mwezi uliofuata nchi ikawa jamhuri. Mwaka 1965 kizingiti chote kikashushwa hadi asilimia 65 na majimbo yakaitwa mikoa.

Na Seneti? Hili ndo naomba ulitazame kwa karibu. Mwishoni mwa 1966 ikaunganishwa na Baraza la Wawakilishi, na ili maseneta wasiachwe hewani zikaundwa sehemu mpya za uchaguzi 41, idadi ileile, viti vya kuchaguliwa vikapanda kutoka 117 hadi 158. Juu ya hapo muda wa bunge ukaongezwa, uchaguzi uliokuwa uje 1968 ukasogezwa hadi 1970. Kwa hivyo seneta aliyekuwa analinda kufuli aliulizwa kama angependa kuacha kulinda na kubaki na kiti na kuongezewa muda. Januari 1967 Moi, mtetezi wa majimbo, akawa makamu wa rais. Hakuna sheria iliyovunjwa hapo, kila kura ilipigwa kwa utaratibu.

Sasa linganisha na makadhi. Ule ukanda wa maili kumi wa Pwani, kisheria, ulikuwa mali ya Sultani wa Zanzibar, Waingereza wakiutawala kwa mkataba wa 1895, na bendera yake nyekundu ilikuwa ikipepea Fort Jesus. Wakati uhuru unakaribia kulikuwa na watu wa Mwambao waliotaka kujitenga au kurudi kwa Sultani. Sir James Robertson, aliyekuwa gavana mkuu wa Nigeria, akatumwa kuchunguza 1961, akashauri ukanda uunganishwe na Kenya ila Waislamu wapewe dhamana. Na dhamana yenyewe ni barua tu! Tarehe 5 Oktoba 1963 Kenyatta alimwandikia Mohamed Shamte, waziri mkuu wa Zanzibar, akaahidi uhuru wa dini, mahakama za kadhi kwa ndoa, talaka na mirathi, maafisa Waislamu kwenye sehemu za Waislamu kadiri inavyowezekana, Kiarabu kwa watoto wa Kiislamu shuleni, na kutambuliwa kwa hati za ardhi. Siku tatu baadaye mkataba wa ukanda kuwa sehemu ya Kenya ukasainiwa.

Miezi mitatu tu ikapita, 12 Januari 1964 mapinduzi yakaiangusha serikali ya Shamte na Sultani Jamshid akakimbia. Yaani aliyeahidiwa hayupo tena, hakuna wa kudai. KADU walikuwa bungeni kabisa na majimbo yakawafia mikononi, huku Zanzibar ile ya Sultani imefutika na ahadi yake ikabaki.

Kwa nini ikawa hivyo? Mimi jibu langu ni hili. Mahakama ya kadhi ilikuwepo zamani kabla ya hiyo barua, watu wakiozeshwa na kuachana na kugawana mirathi mbele ya kadhi kila wiki, barua haikuumba kitu, ilikiri tu kilichopo. Na haikumnyima mkubwa yeyote Nairobi pesa wala cheo. Majimbo yaliumbwa kwenye meza ya London, hakuna mama yeyote aliyekuwa ameyazoea, na kila senti ya jimbo ilikuwa imetoka mfukoni mwa mtu mwenye nguvu. Hata 2010, makanisa mengi yalipopinga rasimu ya katiba mpya kwa sababu ya makadhi, ilipita tarehe 4 Agosti na makadhi wakiwemo, ibara ya 170. Seneti nayo ikarudi siku hiyohiyo, na kaunti 47, ila safari hii katiba imetaja kabisa kwamba zipate si chini ya asilimia 15 ya mapato. Kuna waliokuwa wamesoma yaliyowapata KADU.

Kuna upande ambao haukupata hata barua, Wasomali wa kaskazini. Tume ya 1962 iliwakuta wengi wao wanataka kujiunga na Somalia, wakapewa jimbo la saba badala yake, wakasusia uchaguzi wa 1963, na vita vya shifta, yaani vya waasi waliotaka kujitenga, vikaendelea hadi 1967.

Na ardhi, niliahidi kurudi. Ile ahadi ya mwisho ya barua ya Kenyatta, ya kutambua hati za ardhi za Pwani, ilitimizwa vizuri kuliko zote. Hati zilizosajiliwa enzi za mkoloni zikabaki halali, na ambao mababu zao hawakusajili chochote, Wamijikenda wengi sana, wakaamka raia wa nchi huru na maskwota kwa wakati mmoja. Kwenye ile barua wanaongea mawaziri wakuu wawili. Hadi leo, Kilifi na Kwale, unamkuta mzee amekaa chini ya mwembe uliopandwa na babu yake, anakuonyesha makaburi ya ukoo, na taitodidi, yaani hati ya ardhi hiyo, iko kwa mtu ambaye hajawahi kumwona.