Je, wajua kwa nini karani anaweza kukatwa kodi kwa asilimia kubwa kuliko bilionea?

Kwanza tuelewane kuhusu bilionea. Jarida la Forbes huhesabu kwa dola, na bilioni moja ya dola ni zaidi ya shilingi bilioni 120. Wa kiwango hicho tuwaache. Bilionea wa shilingi, yule tunayepishana naye hapa Nairobi, anatosha.

Mchukue karani wa kampuni moja ya Industrial Area anayelipwa shilingi 100,000 kwa mwezi. Kabla hajaona hata senti, mwajiri ameshakata PAYE (kodi ya mshahara), NSSF (akiba ya uzeeni), 2.75% ya bima ya afya na 1.5% ya nyumba za bei nafuu. Kwa viwango vya 2025, shilingi 24,000 za kwanza hutozwa 10%, zinazofuata hadi 32,333 hutozwa 25%, na kutoka hapo hadi 500,000 ni 30%. Mwenye mshahara mnono, zile zinazozidi 800,000 hukatwa 35%. Karani hana pa kujificha, maana hesabu yake inapelekwa KRA, mamlaka ya kodi, na mwajiri. Akinunua sabuni dukani, kuna VAT, kodi ya ongezeko la thamani, ya 16%.

Bilionea hategemei mshahara. Mali yake ni hisa, kampuni na viwanja. Tuseme hisa zake katika Soko la Hisa la Nairobi zilikuwa za bilioni 2 Januari, na kufikia Desemba zimepanda hadi bilioni 3. Ametajirika kwa bilioni nzima na kodi ya ongezeko hilo ni sufuri, kwa sababu hajauza. Akiuza je? Bado sufuri! Sheria imezisamehe hisa za soko hilo kodi ya faida ya mtaji, yaani ile inayotozwa faida ya kuuza mali. Kampuni ikimgawia faida, hukatwa 5% na mambo yameisha.

Anayeguswa na kodi ya faida ya mtaji ni muuza ardhi, au muuza hisa za kampuni isiyo sokoni. Nayo ina historia yake: ilisimamishwa 1985, ikarudi 2015 kwa 5%, kisha ikapandishwa hadi 15% mwaka 2023. Kwa hiyo kwa karibu miaka 30 watu walinunua na kuuza viwanja jijini bila kuilipa, na sidhani kuna biashara iliyotajirisha Wanairobi wengi kuliko hiyo.

Na akihitaji pesa za matumizi? Haharakishi kuuza. Anaweka hati miliki au hisa benki kama dhamana, anakopa. Mkopo si mapato, basi haukatwi kodi ya mapato. Riba za benki zetu ni kali, kweli, lakini mali inabaki yake na huenda ikazidi kupanda. Mchezo huu si wa Kenya peke yake. Mwaka 2021 shirika la habari la ProPublica lilionyesha kwamba Wamarekani 25 matajiri zaidi walilipa kodi ya mapato ya serikali kuu sawa na 3.4% tu ya utajiri waliouongeza kati ya 2014 na 2018.

Wenye mali wana jibu lao: kampuni hulipa 30% ya faida kabla ya kugawa chochote, kwa hiyo ile 5% inakuja juu ya kodi nyingine. Ni hoja nzito, ila inahusu mgao. Kiwanja kilichopanda bei mara kumi haikigusi. Wala warithi hawana cha kuhofia sana, maana kodi ya urithi ilifutwa 1982.

Mbona basi mali yenyewe isitozwe kila mwaka? Shida ni nani atakayeikadiria. Kampuni ya familia isiyouzwa popote ina bei gani? Hata ardhi, ambayo kila mtu anaiona, imelishinda jiji. Kwa miongo kadhaa Nairobi ilitoza ada za viwanja kwa kufuata daftari la bei la mwanzoni mwa miaka ya 1980, na mwenye kiwanja Upper Hill akawa analipa kwa bei za enzi ambapo mtaa ule ulikuwa wa nyumba za bustani.