Kijana akijibu "Shida", nani anapokea?

Kila tukiwa na mkutano wa walezi pale kliniki lazima mmoja aniulize, sasa daktari, kama hawa watoto wanashinda kwa simu kutwa kucha mbona msiwatumie tu meseji kila siku saa tatu usiku, "meza dawa", mambo yaishe? (Mimi si daktari, ni mshauri wa vijana wanaotumia ARV, zile dawa za VVU, lakini ukivaa koti jeupe Kenya hii wewe ni daktari, nimeacha kubishana.) Swali ni zuri na jibu lake ni refu kidogo, manake simu inasaidia kweli lakini si vile watu wengi wanafikiria.

Tuanze na neno moja, "Mambo?" Mwaka 2007, ule ule mwaka M-Pesa ilianza, watafiti walianza kuandikisha wagonjwa watu wazima waliokuwa wanaanza ARV kwenye kliniki tatu hapa Kenya, mbili za Nairobi, moja ikiwa Pumwani na nyingine hospitali ya Coptic, na ya tatu Kajiado kule kwa wafugaji. Wakapata watu 538. Nusu hivi wakawa wanatumiwa meseji mara moja kwa wiki, na meseji yenyewe ilikuwa tu "Mambo?", haisemi dawa, haisemi kliniki, haisemi virusi. Mgonjwa anajibu "Sawa" ama "Shida" ndani ya saa 48. Ukijibu shida nesi anakupigia. Ukinyamaza pia nesi anakupigia, na hapo ndipo pa maana, nitaparudia.

Matokeo yalichapishwa 2010. Waliotumiwa meseji, asilimia 62 walisema wanameza dawa vizuri, wale wengine asilimia 50. Na si maneno ya mdomo peke yake, damu ilipopimwa waliokuwa wameshusha virusi walikuwa asilimia 57 kwa 48. Mtu anaweza kusema aa, tofauti ya pointi tisa tu, lakini piga hesabu, ni kama kwa kila watu 11 waliosalimiwa hivyo kuna mmoja ambaye virusi vyake vilishuka na bila ile salamu havingeshuka. Kwa meseji ya senti tano za dola. Sijui dawa gani ya bei hiyo inafanya kazi hiyo.

Sasa sikia upande wa pili. Kule Chulaimbo karibu na Kisumu kulikuwa na utafiti mwingine, watu wazima 431, chupa zao za dawa zilikuwa na kifuniko cha kielektroniki kinachorekodi kila ikifunguliwa. Wengine wakapata meseji kila siku, wengine mara moja kwa wiki. Baada ya wiki 48 wale wa mara moja kwa wiki, asilimia 53 walikuwa wanameza angalau asilimia 90 ya dozi zao, wale wasiotumiwa kitu walikuwa asilimia 40. Na wale wa kila siku? Hakuna tofauti ya maana na wasiotumiwa kabisa. Mimi hiyo hainishangazi hata kidogo. Meseji ya kila siku inakuwa kama zile za kampuni ya simu za kukuuzia bando, wiki ya kwanza unasoma, wiki ya pili unafuta bila kufungua, ya tatu hata husikii simu ikilia.

Na hawa wote niliotaja ni watu wazima. Tukija kwa vijana mambo yanakuwa magumu zaidi. Kampala walijaribu na vijana 332 wa miaka 15 mpaka 22, wengine wanatumiwa meseji tu, wengine wanaweza kujibu, na hakuna kundi lililomeza dawa vizuri kuliko wasiotumiwa. Hata ile "Mambo?" yenyewe ilipojaribiwa tena Kibera na watu 700 waliokuwa wapya kwenye huduma, baada ya mwaka waliobaki kliniki walikuwa karibu sawa pande zote mbili. Nayasema haya wazi juu naona watu wakija na programu mpya kila mwaka wakiahidi mbingu, na vijana wetu wanageuzwa watu wa kujaribiwa vitu ambavyo vilishajaribiwa.

Kwa hivyo simu haina maana? Hapana. Shida ni kwamba tunafikiri kijana ameacha dawa juu amesahau. Kuna wanaosahau, ndiyo, na hao alamu ya simu inawatosha, iandike "chaja" ama "mechi" ama kitu chochote ambacho mtu akiona kwa skrini hataulizia. Lakini wengi wa wale ninaokaa nao hawajasahau. Wanakumbuka vizuri sana, hata saa wanaijua. Kuna yule yuko bweni na kichupa kinalia kachakacha kila akikigusa, mpaka anakijaza pamba, na bado kuna mwenzake wa kitanda cha juu anauliza hizo ni vitamini gani za kila siku. Kuna msichana ameanza kuishi na mpenzi na hajamwambia. Kuna mwenye njaa, anaogopa kumeza dawa kwa tumbo tupu. Kuna aliyezaliwa na virusi, amemeza dawa tangu hajui kusoma, sasa ana miaka 17 na anakuambia bila kulia bila kukasirika, mimi nimechoka tu. Huyo ukimtumia "usisahau dawa yako" saa tatu usiku umemsaidia nini? Umemkumbusha tu kitu anachotaka kisahaulike.

Ndiyo maana nasema ile meseji ya "Mambo?" tunaikumbuka vibaya. Watu wanakumbuka SMS, wanasahau nesi. Kilichokuwa kinafanya kazi pale kwa maoni yangu ni kwamba mtu akisema shida kuna binadamu anapiga, na hata ukinyamaza kuna binadamu anashtuka kwamba umenyamaza. Toa huyo binadamu ubaki na kompyuta inayotuma salamu Jumatatu asubuhi, kijana atajua wiki ya pili tu. Hawa wamezaliwa na simu mkononi, wanajua meseji ya mashine na meseji ya mtu.

Kama unataka kuona hiyo imefanywa vizuri kwa vijana angalia Zimbabwe, mpango unaitwa Zvandiri, kwa Kishona ni kama kusema "vile nilivyo". Wanachukua vijana wa miaka 18 hadi 24 ambao wenyewe wanaishi na VVU, wanawafundisha, wanawapa simu na baiskeli, na kila mmoja anakuwa na wadogo zake wa kuwafuatilia, anawatembelea nyumbani, anawatumia meseji, anawapigia. Wilaya za Bindura na Shamva walilinganisha kliniki 16, vijana 500 wa miaka 13 mpaka 19, na baada ya wiki 96 waliokuwa na virusi vingi ama waliokufa walikuwa asilimia 25 kwa upande wa Zvandiri na asilimia 36 kwa upande wa huduma ya kawaida. Simu ilikuwemo, ila ilikuwa mkononi mwa mtu ambaye anajua uchungu wa kile kidonge kuliko mimi na koti langu.

Hapa kwetu tuna vipande vya hiyo kazi tayari. Kuna klabu za vijana za OTZ (Operation Triple Zero) kwenye CCC nyingi, yaani kliniki za VVU, zile sifuri tatu, usikose kliniki, usikose dawa, virusi visionekane. Kuna mfumo wa Ushauri ambao unatuma meseji za kukumbusha siku ya kliniki, na kuna programu ya Nishauri ambapo mtu anajionea mwenyewe tarehe zake na majibu ya vairo lodi, yaani kipimo cha wingi wa virusi kwenye damu. Hivi ni vitu vizuri, sitaki nionekane navidharau, kijana akijionea LDL, yaani virusi ni vichache mno kuonekana kwa kipimo, kwa simu yake mwenyewe anatembea tofauti, na akielewa kwamba virusi visipoonekana haambukizi mpenzi wake kwa ngono ndio kabisa. Lakini klabu nyingi hukutana likizo tu, na shule inafungua, na shule zetu haziruhusu wanafunzi kuwa na simu, kwa hivyo miezi mitatu huyo wa bweni huwezi kumpata kwa simu hata ukiwa na programu ya dhahabu. Hapo lazima kuwe na matroni ama nesi wa shule ambaye kijana mwenyewe amemchagua. Narudia, amemchagua mwenyewe.

Siri sasa. Hapa ndipo tunapoharibu zaidi. Niliwahi kuona kliniki moja, sitaitaja, wametuma "tafadhali fika kuchukua ARV zako kesho" kwa namba ambayo kijana alikuwa ameandikisha miaka miwili nyuma, ile laini ilishaachwa, ikapewa mtu mwingine. Huyo mtu mwingine bahati mbaya alikuwa wa mtaa ule ule na akapiga kuuliza hii ni ya nani. Vijana hubadilisha laini kama soksi, simu inakuwa ya mama Jumatatu na ya kaka Jumanne, na meseji inatokea kwa skrini hata simu ikiwa imefungwa. Kwa hivyo ukiwa unafanya kazi hii thibitisha namba kila kijana akija, muulize simu ni yako peke yako ama mnashea, muulize nikikupata nijiite nani. Mmoja aliniambia nijiite kocha. Basi mimi ni kocha, mpira wenyewe siujui.

Na hili si adabu tu, ni sheria, ile ya VVU na UKIMWI ya 2006 inakataza kutoa hali ya mtu bila ridhaa yake. Wengine mnakumbuka 2015 serikali ilipoagiza wakusanye majina ya watoto wa shule wenye VVU pamoja na walezi wao, mwaka uliofuata Mahakama Kuu ikasema hiyo ni kinyume cha katiba. Orodha ya majina ni orodha ya majina, iwe kwa kitabu iwe kwa simu ya mtu wa CCC ambayo haina hata paswadi.

Magrupu ya WhatsApp nayo. Vijana wanayapenda na usiku saa sita huko ndiko wanaambiana ukweli, lakini ukiingia kila mtu anaona namba yako na jina lako na picha yako, na huenda yumo hata yule wa darasa lako. Muulize kijana kwanza, usimwongeze tu. Na msimamizi awe macho, kuna watu wanaingia polepole na kuanza kuuza miti shamba ya kumaliza virusi kabisa. Hakuna hiyo, mtoe siku hiyo hiyo.

Kwa wazazi na walezi, kupekua simu ya mtoto kuona kama amejibu kliniki kunamfanya afute kila kitu na aache kutujibu. Muulize wiki ilikuwaje. Na akikosa dozi moja msianze vita, ARV inayoitwa TLD ni kidonge kimoja kwa siku, akikumbuka ameze papo hapo, isipokuwa kama zimebaki saa nne ama chini ifike dozi inayofuata, hapo aruke aendelee na hiyo, asimeze viwili pamoja kulipia. Na kwa yule wa tumbo tupu, kidonge hicho kinaweza kumezwa hata bila chakula. Kijana ambaye hataki kuongea na sisi wala na wewe anaweza kupiga 1190 bure, ama 116 kama ni mtoto.

Wiki jana kuna mmoja wangu alijibu "shida kidogo" saa tisa usiku. Asubuhi nikampigia, hakushika, akaniflash saa sita mchana. Nilikuwa nimejiandaa kwa mabaya yote. Kumbe ameanza kuendesha boda usiku, saa tatu yake ya dawa inampata kwa steji na abiria nyuma, na alikuwa anataka tu kujua kama anaweza kuhamisha iwe asubuhi akirudi kulala. Inawezekana, nikamwambia, tukapanga iwe saa moja. Alikuwa amekosa siku nne akingoja mtu wa kumuuliza.