Barua Imesema “by”, Wewe Umesoma “hadi”: Vihusishi vya Kiingereza kwa Wasemaji wa Kiswahili Walioko Marekani

Tangu mwaka uanze, dawati letu la barua limekuwa likipokea malalamiko ya namna moja. Mtu anaingia na bahasha mkononi, amekasirika, anasema ofisi ya serikali imemdanganya. Walimpa muda hadi tarehe 14, naye tarehe 14 akapeleka karatasi posta, sasa wanamwambia amechelewa. Tunaifungua barua na kuisoma pamoja. Hakuna “hadi” humo. Imeandikwa “must be received by”, yaani ikifika tarehe 14 karatasi ziwe zimeshapokelewa. Kuwa posta hakuhesabiki, na stakabadhi ya posta haiibadilishi tarehe hiyo.

Idara imeniomba niandike ili tusiendelee kulieleza jambo hili mtu mmoja mmoja. Kazi yangu ni kufundisha Kiingereza watu wazima na kusoma barua pamoja na wageni wapya. Mimi si wakili na makala haya si ushauri wa kisheria. Mwenye kesi amwone wakili au mwakilishi aliyeidhinishwa. Kihusishi, hata hivyo, yaani neno dogo kama “by”, “in” au “on”, naweza kukisemea.

Nianze na kosa letu sisi walimu. Vitabu vingi vya Kiingereza cha watu wazima hapa Marekani vimemlenga msemaji wa Kihispania, kwa kuwa ndiye aliyejaa darasani. Pembeni mwa ukurasa utakuta kisanduku kinachosema kwamba “en” ya Kihispania ni “in”, “on” na “at” kwa pamoja. Ni kweli. Mtu wa Meksiko husema en la mesa, en la casa, en el aeropuerto, na kwa hiyo akianza Kiingereza atasema “in the table”. Hiyo ni shida yake, na kitabu kinamtibu yeye. Ninyi mliokaa naye benchi moja mnameza dawa ya ugonjwa wa jirani, kisha mnaondoka na wenu haujaguswa.

Kwenye mahali, Kiswahili kimetupa zaidi ya alichopewa yeye. Kanisani pana watu, kanisani kuna watu, kanisani mna watu: kila mmoja wetu anaisikia tofauti hata kama hawezi kuieleza. Pana ni pale penyewe palipotajwa. Mna ni ndani. Kuna ni upande ule, kwa jumla. Aliyekulia Bukavu au Lubumbashi amepata nyongeza, maana yeye husema “mu nyumba”, “ku kazi”, “pa mlango”, kihusishi mbele na nomino nyuma, kama Kiingereza kinavyotaka. Mtu wa Pwani atamcheka na kumwambia aseme nyumbani, kazini, mlangoni. Darasani kwangu kicheko hicho sikiruhusu. “Mu” ni “in” karibu kila mara. “Pa” inakaribiana sana na “at”. Yenye hila ni “ku”, kwa sababu inabeba “at” na “to” kwa pamoja: niko ku kazi, naenda ku kazi.

Hapo ndipo penye ugonjwa wetu hasa. Natoka sokoni, nakwenda sokoni, niko sokoni. Soko halibadiliki, kitenzi ndicho kinachofanya kazi. Vitenzi vyetu vingine vimekimeza kihusishi kabisa: ukisema “kalia kiti”, ile “on” imo tumboni mwa kitenzi, ndiyo maana nasahihisha “sit the chair” kwenye madaftari. Na kinyume chake pia: “enter” imeshabeba “into” yake, lakini mtu anaiongezea nyingine, “discuss” haitaki “about”, lakini anaipachika.

“On” haina mwenzake katika PA, KU, MU, na “juu ya” inapotosha. Picha iko ukutani, haiko juu ya ukuta. Juu ya ukuta hukaa paka. Kwa “on” tazama kama kitu kimegusa uso wa kitu kingine, uwe umelala, umesimama au umepinduka. Hata nzi aliyeganda darini ni “on the ceiling”. Vyombo vya usafiri vina kanuni yake: unachoweza kusimama na kutembea ndani yake ni “on”, kama basi, treni, ndege na meli, unachoingia kwa kuinama na kukaa tu ni “in”, kama gari dogo na teksi. Anwani hupanda ngazi: “at” kwa namba ya nyumba, “on” kwa jina la mtaa, “in” kwa mji. Waliosoma shule za Kenya, Uganda au Tanzania walifundishwa Kiingereza cha Uingereza, kwa hiyo wasishangae kusikia “on the weekend” badala ya “at the weekend”, na kuambiwa “fill out” fomu ambayo kwao walikuwa “fill in”. Na “on the second floor” ya hapa ndiyo ghorofa ya kwanza ya Dar es Salaam, kwa sababu Wamarekani huanza kuhesabu kutoka chini kabisa. Mwanafunzi wangu mmoja alisubiri robo saa mbele ya mlango uliofungwa, ghorofa nzima juu ya daktari wake.

Mahali yatosha. Makosa ya mahali humfanya mtu achekwe. Ya wakati humgharimu.

Na kwenye wakati Mhispania ametuzidi. Akitaka kusema kazi iwe imekwisha ifikapo Ijumaa, husema “para el viernes”. Akitaka kusema ofisi itabaki wazi mpaka Ijumaa, husema “hasta el viernes”. Ana maneno mawili, kama Kiingereza chenye “by” na “until”. Sisi tuna “hadi” na “mpaka”, na yote mawili tunayatumia kwa mambo yote mawili. Lete fomu hadi Ijumaa. Ofisi iko wazi hadi Ijumaa. Kwetu sentensi hizi ni ndugu wa tumbo moja, kwa Kiingereza hata hazijuani.

Jaribio ninalofundisha ni hili. Uliza kama jambo linaendelea muda wote, au linatendeka mara moja na kwisha. Kuwa wazi, kusubiri, kulala, kufanya kazi ni mambo ya kuendelea, nayo huchukua “until”. Kuleta, kulipa, kujibu, kufika ni mambo ya mara moja, nayo huchukua “by”. Ukiona “by Friday”, isome “Ijumaa isikupite”. Usiisome “una nafasi hadi Ijumaa”, kwa sababu neno “nafasi” humfanya mtu astarehe.

“On or before” ni “by” iliyovaa suti, na “no later than” vilevile. “Through” ni ya Kimarekani, nayo huijumuisha siku ya mwisho: “June 1 through June 15” ina maana tarehe 15 imo. Tarehe zenyewe wao huanza na mwezi, hivyo 03/04 ni tarehe 4 mwezi wa tatu. Hili nilidhani kila mtu analijua. Inaonekana sivyo.

Sasa “in” na “within”, ambazo zote mbili watu huzitafsiri “ndani ya”. “Within two weeks” ni ndani ya wiki mbili, kesho au keshokutwa au siku ya kumi na nne. “In two weeks” ni baada ya wiki mbili kupita. Kliniki ikisema majibu yatatoka “in two weeks”, usiende kila asubuhi kumuuliza mtu wa mapokezi. Hakufichi kitu. Lakini mwenye kulisoma “within” kana kwamba ni “in” ndiye anayeumia: anaambiwa ajibu “within 30 days”, anasubiri siku thelathini ziishe ndipo aanze kutafuta kalamu.

Kuhama nyumba nako kuna “within” yake. Asiye raia, isipokuwa makundi machache, anatakiwa kuijulisha USCIS, idara ya uraia na uhamiaji, anwani yake mpya “within 10 days of moving”. Ile “of” inaonyesha hesabu inaanzia wapi: siku uliyohama. Siku uliyopata nafasi, au uliyokumbuka, au mtoto aliyofunga shule, haihusiki. Fomu inaitwa AR-11, inajazwa mtandaoni na haina ada. Naomba lieleweke moja kwa moja: kubadilisha anwani posta si kubadilisha anwani uhamiaji. Posta ni posta. Mtu huniambia “mwalimu, mimi nilishabadilisha”, nikimuuliza wapi, anasema posta, na barua ya miadi ya alama za vidole imeshakwenda kwenye nyumba ya zamani. Mwenye kutofika kwenye miadi hiyo bila kuomba ibadilishwe kabla ya saa yenyewe, maombi yake yanaweza kuhesabiwa yametelekezwa na kukataliwa.

USCIS ikiomba ushahidi zaidi, barua hutaja siku. Kikomo cha juu kwa kawaida ni siku 84, yaani wiki 12, na barua iliyotumwa kwa posta huongezewa siku 3. Wewe lakini fuata tarehe iliyoandikwa kwenye barua yako, wala usifuate namba za makala haya. Siku hazihesabiwi tangu ulipofungua bahasha. Hakuna kuomba nyongeza. Sheria haimruhusu ofisa kuitoa. Na jibu lote hupelekwa kwa mara moja. Ukituma nusu leo ukitarajia kutuma nusu nyingine wiki ijayo, wanahesabu umemaliza, wanaamua kwa walichonacho. Karatasi ya juu waliyokutumia irudi ikiwa juu ya majibu. Tunza nakala ya kila ukurasa, na usikunje vyeti.

Baada ya hapo, “on” na “at” za wakati ni nyepesi. Saa huchukua “at”, siku na tarehe huchukua “on”, mwezi na mwaka huchukua “in”. Asubuhi ni “in the morning”, lakini asubuhi ya siku iliyotajwa ni “on Monday morning”, kwa kuwa siku ikiingia huburuta “on” yake. Usiku ni “at night”, na sababu sina.

Usiku una mtego wake mwingine, nao hauko kwenye Kiingereza bali kwetu. Wazee wa Pwani huhesabu siku kuanzia machweo, hivyo “usiku wa Jumapili” kwao ni ule unaoamkia Jumapili. Kwa Mmarekani “Sunday night” ni usiku unaofuata mchana wa Jumapili. Mzee mmoja aliambiwa kiwandani zamu yake ya kwanza ni “on Sunday night at 11”. Alifika Jumamosi saa tano usiku, kofia kichwani na chakula kwenye kopo, akamkuta mlinzi peke yake. Alimwambia mlinzi ni heri kuwahi kuliko kuchelewa, akarudi nyumbani kwa miguu. Angekuwa ni wa kuchelewa, zamu ingekuwa ya mwingine.

Kwenye chupa za dawa, soma kihusishi kabla ya kusoma namba. “For 10 days” ni muda wa kumeza dawa, siku kumi mfululizo, hata kama umepata nafuu siku ya nne. “With food” ni pamoja na chakula. “On an empty stomach” ni kabla hujala, tumbo likiwa tupu. Anayejaribu kuielewa kwa kutafsiri neno kwa neno anaishia kujiuliza dawa itawekwaje juu ya tumbo. Niliulizwa swali hilo, na aliyeuliza hakuwa anatania.

Wanaojiandaa na mtihani wa uraia huniuliza kama kihusishi kitawafelisha. Mtihani wa Kiingereza unakutaka usome sawasawa sentensi moja kati ya tatu na uandike moja kati ya tatu. Orodha ya maneno ya kusoma ni fupi, ipo wazi kwa umma, na ndani yake mna “in”, “on”, “of”, “to” na “for”. Kwenye kuandika, kosa dogo la sarufi au tahajia lisiloharibu maana huvumiliwa. Kwa hiyo kihusishi kilichokosewa peke yake si rahisi kikunyime uraia. Miadi iliyokupita yaweza kukuchelewesha sana.

Dawati la barua linapokea watu bila miadi. Njoo na barua pamoja na bahasha yake, kwa sababu mara nyingine tarehe tunayoitafuta ni ya muhuri wa posta. Usije na picha ya nusu ukurasa kwenye simu. Kihusishi tunachokihitaji huwa kwenye nusu iliyokatwa. Mlangoni pamebandikwa karatasi inayosema “Closed from 12 to 1”. Hiyo ni saa sita hadi saa saba mchana, na tukifungua saa saba tunaanza na aliyefika kwanza.