Kumtetea mteja katika huduma za jamii: maana yake

Kumtetea mteja ni kazi ya kuhakikisha kwamba mtu anapata kile ambacho sheria au mpango wa serikali ulishamtengea, pale anapokwama kwenye fomu, foleni au uamuzi ambao hakuna aliyemweleza. Anayeifanya kazi hiyo anaweza kuwa afisa wa ustawi wa jamii, mhamasishaji wa afya wa mtaani, mfanyakazi wa shirika dogo, au binti wa jirani ambaye haogopi ofisi. Mteja ni yule anayehudumiwa, hata kama halipi chochote. Haombewi hisani, anafuatiliwa haki yake.

Chukulia nyanya wa miaka 74 anayeishi mtaa wa Nyalenda, Kisumu, nchini Kenya. Mpango wa serikali wa Inua Jamii huwalipa wazee waliosajiliwa wa miaka 70 na zaidi Sh2,000 kwa mwezi. Yeye aliandikishwa siku moja na majirani zake. Wao wanapokea, yeye hapati. Kila akiuliza huambiwa, "Subiri, jina litatoka."

Mtu anayemtetea huanza na kazi ya kuchosha. Anaketi naye, anasoma kitambulisho, anauliza aliandikishwa wapi na ni nani aliyekuwa akiandika. Mara nyingi tatizo huwa dogo ajabu. Kitambulisho kina jina la ubatizo na la baba, orodha ina lile la nyumbani pamoja na la marehemu mumewe. Au tarakimu moja ya nambari ya kitambulisho ilikosewa. Au mashine ya alama za vidole imeshindwa kusoma vidole vilivyolika kwa miaka mingi ya jembe. Hakuna anayemchukia nyanya huyu, ila pia hakuna aliyekaa chini kulitazama faili lake.

Hapo ndipo maneno ya kaunta yanapokuwa na uzito: "Afisa, nyanya huyu aliandikishwa. Naomba tuangalie nambari yake kwenye sistimu. Kama alikataliwa, naomba sababu kwa maandishi." Si ukaidi huo. Kifungu cha 47 cha Katiba ya 2010 kinampa mtu haki ya kuelezwa sababu kwa maandishi ikiwa uamuzi wa kiutawala umeathiri au unaweza kuathiri haki yake. Sheria ya Upatikanaji wa Habari ya 2016 nayo inazitaka ofisi za umma zijibu maombi ya habari ndani ya siku 21. Ndiyo maana ombi huandikwa barua yenye tarehe, na nakala ikagongwa muhuri wa kupokelewa. Afisa anayeweza kumsahau nyanya hawezi kuusahau muhuri wa ofisi yake kwa urahisi. Ikishindikana kabisa, ipo Tume ya Haki za Utawala, ile ambayo wengi huiita Ombudsman. Ina ofisi Kisumu, na kupeleka malalamiko huko hakulipiwi.

Sehemu ngumu haimo katika sheria, imo katika ridhaa. Mtetezi anaweza kuwa na hamu ya kumshtaki naibu wa chifu kwa wakubwa wake, kumbe nyanya hataki. Ana sababu. Mjukuu wake atahitaji barua kutoka ofisi hiyo hiyo akiomba basari, mwingine anangoja kitambulisho, na likitokea la mazishi ni huko huko atakwenda kwa kibali. Mtetezi atapanda matatu jioni arudi kwake. Nyanya atabaki na chifu wake. Basi humwekea njia zote mezani: kupitia kamati ya wanufaika ya eneo, kwenda moja kwa moja ofisi ya kaunti ndogo, kuandika malalamiko, au kungoja malipo yajayo kwanza. Anamweleza hatari ya kila njia kwa lugha anayoielewa, ikibidi Kijaluo, kisha anamuuliza, "Nyanya, wewe ungependa tuanzie wapi?" halafu ananyamaza. Jibu likiwa "tungoje," basi wanangoja. Kumvuta mtu kwenye vita asivyovitaka ni kumtumia, hata kama vita vyenyewe ni vya haki.

Kuna njia ya mkato ambayo sote tunaijua: kumpigia simu mtu unayejuana naye ndani. Siwezi kusema haifanyi kazi. Inafanya, tena haraka, na mtoto akiwa mgonjwa mahututi sidhani nitamlaumu anayeitumia. Ila simu hiyo haiachi karatasi. Afisa akihamishwa Busia, mlango umefungwa, na wenye shida ile ile wasiojuana na mtu wanabaki foleni.

Ndiyo sababu utetezi hugawanyika mara mbili. Kuna wa mtu mmoja, na kuna wa wengi wenye kikwazo kimoja. Mama wa Kaptembwo, Nakuru, anayembeba mgongoni mtoto wa miaka tisa asiyeweza kutembea, anabadilisha matatu mbili kwenda kupimwa ili mtoto asajiliwe kuwa na ulemavu, akifika anaambiwa madaktari wa jopo hawako leo. Kumtetea yeye ni kuuliza mapema siku ya jopo, kumwekea nafasi na kwenda naye. Lakini wakiwa wazazi wengi wanaorudishwa hivyo, barua inayofaa ni ile inayoomba jopo liwe linakuja kituo cha afya cha karibu mara kwa mara. Barua ya namna hii huchukua muda, na kumwandikia kila mama barua yake huku kikwazo kikibaki pale pale ni kazi isiyokwisha.

Afisa wa serikali anayefanya haya ana mtego wake: anayemlalamikia ndiye anayemlipa mshahara. Wengi huishia kulainisha mambo. Lililo salama ni kumweleza mteja tangu mwanzo hadi wapi anaweza kufika, na kumpeleka kwingine pale anapokomea. Kesi ikifika mahakamani si kazi yake tena, ni ya wakili, na asiye na uwezo anaweza kuomba msaada chini ya Sheria ya Msaada wa Kisheria ya 2016.

Na yule anayejitolea "kukusaidia" ili malipo ya kwanza yakiingia mgawane, huyo ni dalali. Usimkabidhi kitambulisho chako, wala namba ya siri.